Waliokuja Kunililia Kitale

Dukani kwa Farid,
Nyuma ya Msikiti,
S.L.P. 418,
Kitale.
19 Septemba 2005

Mpendwa mpwa wangu Khaemba,

Pokea salamu zangu, tena uzipokee kwa mikono miwili, maana zinatoka kwa mtu aliyekwisha kutangazwa marehemu. Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto unanisumbua asubuhi, na meno yaliyobaki hayasalimiani, lakini ugali unapita. Mama yako pia ni mzima, anakula na anateta. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, wewe barua huanzia katikati. Leo soma kutoka juu, usiruke.

Na wewe je, hujambo? Joto la Doha bado linachemsha maji ndani ya tangi? Bado unasimama mlangoni pa duka la watu na ile kofia ya ulinzi? Picha yako tuliipata. Nafisa alisema unafanana na meneja, mimi nikasema unafanana na mtungi. Usikasirike. Mimi ni khocha wako, ndugu ya mama yako, nisipokutania mimi nani atakutania?

Mvua huku imetuonea huruma. Mahindi ya Kitale yamesimama mpaka mtu akiingia shambani huoni hata kofia. Kule Bumula ng'ombe mwekundu amezaa dume, na hapa Kitale binti yako Nakhumicha sasa anaongea Kiingereza na paka. Paka anamwelewa, mimi hapana.

Sasa tuje kwa ile nyumba.

Ulipoijenga kule kwenye mashamba yaliyokatwa ploti, si tulipiga makofi sote? Ukuta mrefu, vipande vya chupa juu, geti jeusi la chuma lisilo na hata tundu la kuchungulia. Ukamtoa mama yako kwenye kile chumba cha kupanga hapa nyuma ya msikiti, ambapo akikohoa tu Nafisa wa mahamri anamuuliza kupitia ukutani kama amekunywa dawa. Ulisema huku kuna wezi wengi. Ni kweli wako, wengine nawajua mpaka majina ya mama zao. Lakini mwizi wa huku akigusa kamba ya nguo, mtaa mzima unamuuliza amefua lini.

Kule kwenu kila mtu ana ukuta wake na kimya chake. Jirani yenu Jerono, mama yako alikaa naye mwaka mzima akimjua kwa honi ya gari. Mkeo Chelangat anatoka na watoto asubuhi kwenda shuleni kufundisha, anarudi jua limechoka. Mama yako anabaki na runinga yako kubwa na mlinzi Kiptanui, ambaye akiulizwa jambo anajibu kwa kichwa.

Hapo ndipo alipoanza mambo ya matanga. Hukuwa unajua, kwa sababu kwenye simu yeye hukwambia yuko salama. Akisikia lori la waombolezaji linapita likiimba, anachukua leso anatoka. Amezika watu asiowajua Webuye, Malakisi, mpaka Kapenguria. Na unatujua sisi watu wa Bungoma. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unamjibu mpaka rangi ya ng'ombe, ukinyamaza unaitwa mwenye maringo. Huko matangani akawa anaulizwa ana watoto wangapi, wako wapi, nani hubaki nyumbani mchana. Anajibu yote na kikombe cha chai mkononi.

Alikuwa akinisimulia habari za mama mmoja mwenye sauti nzuri. Kila matanga wakikutana, yule mama anamwekea nafasi kwenye mkeka wake. Nikamuuliza jina lake ni nani. Akasema, "Kijiko, matangani hatuulizani majina, tunaulizana marehemu." Kijiko ni mimi. Ni dada yangu peke yake duniani aniitaye hivyo, tangu siku tukiwa watoto nilipomeza kijiko nusu ili nimtishe.

Alhamisi ya tarehe moja nilikuwa hapa Kitale, na mama yako hakujua. Nilikuja kutafuta dawa ya kupe, nikakaa dukani kwa Farid. Nyumbani kwako sikupita. Mzee wa umri wangu kuulizwa kupitia chuma, "Unatafuta nani?" Hapana bana. Nilikuwa nakunywa chai, redio ikafika kwenye matangazo ya vifo ya mchana. Mimi huyapenda. Nataka kujua nani katika rika langu ametangulia kwenda kunishikia nafasi.

Nikasikia hivi. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Wakori wa Bumura, anayejurikana kama Kijiko, kilichotokea baada ya kuugua kifua. Marehemu ni ndugu ya Edah wa Kitale na mjomba wa Khaemba wa Doha. Jamaa wote walioko Kitale wafike nyumbani Bumura leo bila kukosa."

Wakori. Bumura. Anayejurikana. Mtangazaji alisoma kama alivyoandikiwa, L imegeuka R, kwa hiyo mwandishi alikuwa mtu wetu kabisa. Hiyo herufi mimi nilichapwa kwayo mpaka nikaacha shule.

Farid alinitazama, birika likiwa hewani.

"Mzee Wakoli," akasema, "utalipa chai kabla hujaenda?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu maneno ya mwisho yakarudi kichwani yenyewe na kicheko kikakauka. Walioko Kitale. Leo, bila kukosa. Tangazo la kweli huita watu wa kila mahali, wa Nairobi, wa Mombasa, wa Uganda. Hili lilikuwa linaita watu watoke kwenye nyumba moja.

Nafisa akatokea mbio, mikono imejaa unga. Kumbe tangazo lilisomwa na asubuhi, naye alikuwa amenilia tayari mpaka macho yamevimba. Aliponiona alisimama mlangoni, akachukua hamri kwenye sinia, akanirushia. Likanigonga kifuani, likaanguka.

"Basi ni yeye," akasema.

Nikatoa simu uliyoninunulia, nikampigia Chelangat. Walikuwa wamefika Webuye kwenye gari la kukodi, wakielekea kunizika. Jina langu likawaka kwenye kioo cha simu yake. Khaemba, nani hupokea simu ya maiti? Sikusikia hata alo. Nilisikia mayowe, ya kwake na ya watoto, kisha upepo, kisha hakuna. Aliitupa dirishani. Iko ndani ya miwa mpaka leo, na mwenye miwa akiisikia inalia naye atahama.

Nikampigia mama yako. Iliita sana. Ikapokelewa na mwanamke nisiyemjua, na nyuma yake watu wanaimba polepole, zile nyimbo za kusindikiza jeneza.

"Pole sana," akasema. "Mama amelala. Tuko naye. Wewe ni nani?"

"Mimi ni ndugu yake."

 Halafu akaniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Ndugu yake amekufa." Akakata.

Sitakudanganya, mpwa wangu. Kwa muda kidogo nilimwamini. Nilijishika shingo nione kama kuna joto.

Farid alinipakia kwenye baiskeli ya bodaboda, akafunga duka, na Nafisa akaingia vichochoroni akipiga kelele za kuita watu. Mimi nikatangulia. Nilipofika, lile geti lako jeusi lilikuwa wazi kabisa. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza natafuta nani. Kiptanui hakuwepo. Chelangat, kwa moyo wake mzuri, alikuwa amemchukua na jembe lake akasaidie kuchimba kaburi langu.

Ndani ya ua kulikuwa na pikapu na watu wa heshima. Wanawake wamefunga vitambaa kichwani, wanaume wana makoti, wanaimba bila kupaza sauti. Na wanatoa viti. Wewe unajua desturi yetu. Kukiwa na msiba, viti na sufuria za jamaa hubebwa kwenda nyumbani kwa marehemu, watu wapate pa kukaa na pa kupikia. Ni nani atauliza? Makochi yako yalipita mbele yangu yakiimbiwa. Friji ikapita. Runinga ikapita imefunikwa shuka jeupe kama jeneza la mtoto.

Mwanamume mmoja aliniona nimesimama. "Pole, mzee. Hebu shika hapo," akasema. Nikashika. Ndiyo, nilishika upande mmoja wa meza yako ya kulia. Ulitaka nifanye nini? Mikono yao ilikuwa mingi na mimi niko peke yangu.

"Ni nani ametutoka?" nikauliza.

"Mzee Wakoli wa Bumula."

"Oo. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole sana. Mtu wa maombi."

Hapo nikajua hawakuwahi kuniona. Nikaiweka meza chini, nikasema mgongo umekataa, nikaingia ndani.

Sebule ilikuwa tupu mpaka hatua zangu zilijibu. Ukutani kulikuwa na miraba misafi mahali picha zilipokuwa. Katikati kilibaki kiti kimoja, na mama yako amekikalia. Asubuhi, aliposikia nimekufa, damu ilimpanda akaanguka. Chelangat akampa vidonge, akamlaza, akaona heri gari litangulize watoto kisha limrudie. Ndiyo maana alibaki. Wale wageni walidhani nyumba haina mtu. Walipomkuta, hawakumfukuza wala kumfunga. Walikaa naye wakalia. Alipoamka akaona nyumba imejaa waombolezaji, je, ashangae nini? Nyumba ya msiba hujaa. Aliwapikia chai. Alinyanyuka mwenyewe akawaonyesha ile sufuria kubwa iliko.

Yule mama wa sauti nzuri, kumbe ndiye aliyepokea simu, alikuwa amepiga magoti kando yake, anamsugua mgongo. Alikuwa analia. Nilikuwa karibu, nimeona machozi yanaanguka juu ya mkono wa dada yangu. Yalikuwa machozi ya kweli. Alikuwa ananililia mimi, na mimi niko mlangoni.

Mama yako akainua uso akaniona. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kijiko," akasema taratibu, "umekuja kunichukua? Ngoja nivae viatu."

Akaanza kupapasa chini ya kiti kwa miguu. Viatu vilikuwa vimeshakwenda kwenye pikapu.

Nikamwambia, "Edah, mimi sijafa, acha upuzi." Hakunisikia. Macho yake yalikuwa yananitazama kama mtu anayetazama gari lake likisimama kituoni. Yule mwanamke alinitazama, akamtazama, akanitazama tena. Hakushtuka hata kidogo. Alimfunika mama yako mabega kwa leso yake mwenyewe, akasimama, akanipita mlangoni karibu hivi, akasema, "Pole kwa kufiwa." Akatoka nje akiendelea na wimbo pale alipouachia.

Ndipo niliposikia kelele za Nafisa kutoka barabarani. Mtaa wetu wote, wa kanzu na wa rozari, wanakuja na miko na fimbo wakiita "Mwizi!" Wimbo ukakatika katikati ya neno. Pikapu iliondoka, ikaacha meza yako imelala getini.

Mama yako aliniangukia mikononi, mdomo umekuwa baridi. Nafisa alimsugua nyayo mpaka hospitalini. Daktari alisema ilibaki kidogo sana. Yaani lile tangazo lilikaribia kuwa kweli, ila lingekuwa limekosea jina tu.

Jerono alikuja getini kwenu kwa mara ya kwanza jioni hiyo, analia. Aliniambia, "Mzee, tuliona msiba, tukaheshimu. Hata redio tulizima." Siwezi kumlaumu. Angekuwa anamjua mama yako, angeingia kumpa pole, na angeingia angeuliza wewe nani na wewe nani. Lakini ukuta umemfundisha adabu ya kukaa kwake.

Polisi nao walikuja, wakaandika. Mmoja akauliza marehemu yuko wapi. Nikanyoosha mkono. Mpaka leo hawajampata hata mmoja, wala hata kiti.

Kule Bumula Kiptanui alikuwa amechimba mpaka kiunoni kabla mtu hajauliza maiti inakuja na gari gani. Shimo likiwa wazi haliachwi hivyo hivyo, wazee wakasema. Wakakata mgomba, wakauzika mahali pangu, na kwa kuwa watu walikuwa wameshakusanyika wakalia kidogo. Sasa wanasema nikirudi nisipite mlango wa mbele mpaka mbuzi achinjwe. Mbuzi mwenyewe ni wangu. Yaani nife, nifufuke, na karamu iwe juu yangu! Ndiyo sababu bado niko kwa Farid. Lakini nikwambie ukweli, si mbuzi peke yake. Kuna kitu pale shambani kina jina langu na kimelala, na sitaki kukipita nikiwa peke yangu.

Usimgombeze Chelangat. Alisikia msiba akaenda, kama alivyolelewa, na mama yako alimwacha na vidonge na maji kando ya kitanda. Analia kila akiona simu. Kaka yake Cheruiyot amekuja kukaa nao, kwa hiyo yeye na watoto hawako peke yao.

Mama yako amerudi kwenye chumba chake nyuma ya msikiti, na ameapa harudi kule. Ulisema kwa simu kwamba utatuma pesa za waya wa umeme juu ya ukuta, kisha arudishwe. Waya utamzuia nani, Khaemba? Walipita getini wakiimba. Ukuta wako uliwasitiri wao kuliko ulivyomsitiri mama. Ukitaka kujenga, toboa mlango mdogo kati yenu na Jerono, mume wake amekubali. Hilo geti ulitoe, uweke la vyuma vyenye nafasi, mtu apitaye aone nani anabeba nini. Na mama yako umwache hapa kwenye kelele. Nakuomba uliseme hilo kwa mdomo wako mwenyewe, maana anadhani utamchukia kwa kuikataa nyumba yako.

Sasa sikiliza hili la mwisho, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ijumaa iliyopita simu ya Nafisa ililia, ile namba iliyoandikwa kwenye kibao chake cha mahamri, ambayo mama yako huwagawia watu matangani. Tulikuwa tumekaa sote mlangoni kwake, mama yako anachambua maharagwe. Nafisa akapokea, uso ukambadilika, akaiweka tusikie. Nilimjua kwa neno la kwanza.

"Naomba kuongea na Mama Khaemba. Nataka kujua anaendeleaje. Kuna matanga Malakisi Jumamosi, nimemwekea nafasi kwenye mkeka."

Mama yako alikwisha kunyoosha mkono, Khaemba. Maharagwe yalimwagika, alikuwa anaitaka simu. Nafisa akampa mgongo.

"Mama Khaemba?" akasema. "Huyo tulimzika juzi."

 Halafu yule mwanamke akaanza kulia. Si kwikwi za kuigiza, alilia kama mtu aliyefiwa na mama yake. Tulikaa pale tunaisikiliza simu inalia, na mama yako amekaa katikati yetu anasikiliza jinsi anavyoliliwa. Ilipokatika akasema, "Mnaona? Niliwaambia hulia kweli." Akamlaumu Nafisa kwa kumdanganya mtu mwenye huzuni. Hakutusemesha mpaka jua likazama.

Kwa hiyo kwa watu wale mama yako sasa amekufa, na habari za namna hiyo zina miguu. Huenda ukazisikia huko Doha kwa mtu wa kwetu, huenda ukapigiwa na sauti nzuri inayojua jina la shule ya watoto wako. Usilie. Usiombe ruhusa kazini, usiulize jeneza. Mpigie Nafisa.

Na mama yako akipokea, usimwambie "Uko salama?" ukakata. Muulize amekula nini. Muulize nani amepita leo, nani yuko nyumbani, maharagwe yameiva, goti linasemaje. Muulize mpaka achoke kukujibu. Yule mwanamke alimuuliza hayo yote wakati sisi hatukumuuliza, na ndiyo maana mpaka leo, gari likipita linaimba, dada yangu anainua kichwa.

Farid anakusalimu, anasema ile chai bado hajaisahau. Nafisa anakusalimu kwa mikono yenye unga. Chelangat, Nakhumicha na wadogo zake wote wanakupa salamu, na Jerono pia, ambaye sasa tunamjua uso. Mungu akulinde huko unakolinda mali za wengine, akupe usingizi, akurudishe tukiwa bado tuna meno ya kukuchekea.

Wako akupendaye, tena kwa pumzi zake mwenyewe,
Khocha wako,
Wakoli (kwa herufi ya L)